Siku Moja Bila Mbuzi

Wakenya wa Laurel, hapa Maryland, wote wanamjua Peterson. Ukiwa na harusi, mahafali ya mtoto, matanga au harambee, kabla hujampigia kasisi unampigia Peterson. Bila Peterson hakuna mbuzi, na bila mbuzi hao watu wako hawaji, watakutumia salamu kwa simu. Ni yeye anayeendesha gari Jumamosi alfajiri mpaka shamba la Mmarekani mmoja kule juu, upande wa Frederick. Anaingia zizini na gambuti, anapapasa mbavu, anafungua midomo, anasema huyu na huyu, yule mwacheni. Ikifika saa sita mbuzi yuko motoni, na Peterson amesimama katikati ya wanaume wenzake na kisu mkononi, anacheka mpaka kofia inaanguka.

Sasa nikuulize, mke wake anaitwa nani? Unaona. Unakuna kichwa.

Anaitwa Nkatha. Ndiye mwenye zile chapati. Siku zote ulizokuwa nje ukimsifu Peterson, Nkatha alikuwa jikoni na wanawake wenzake, unga mpaka kwenye nyusi, akisukuma chapati za ukumbi mzima. Siku za wiki anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawageuza, anawatania mpaka wanameza dawa bila kujua wamemeza. Ni mfupi, mwepesi wa mguu, ana ulimi, na akicheka anapiga paja la aliye karibu naye, kwa hiyo ukikaa hapo ujue ulipokaa. Alizaliwa Tharaka, kwenye joto na miiba. Peterson ni wa Kinangop, kwenye baridi, viazi na kondoo. Mtu akikuambia Peterson alizaliwa na mbuzi, anakudanganya. Mambo ya mbuzi alijifunzia hapahapa Maryland.

Mwaka huu mtoto wao wa mwisho alienda chuo, akaacha nyumba na watu wawili na friji kubwa. Hapo ndipo Nkatha alipogundua jambo lililomtia baridi: yeye na mumewe hawakuwa na la kuzungumza. Peterson ni fundi wa mitambo ya kupoza hewa katika jumba moja la kompyuta kule Sterling, na shifti zao zinapishana mlangoni. Jumamosi ni mbuzi. Jumapili ni kanisa, na ibada ikiisha watu wanamzunguka Peterson kwa ajili ya mbuzi wa Jumamosi ijayo. Nkatha alikuwa anampenda mumewe, hakuna cha kuficha hapo. Alitaka amwangalie akiongea, kama zamani walipokuwa wanakaa katika chumba kimoja cha kupanga kule Hyattsville, hawana hata televisheni.

Basi walipopanga kwenda Kenya mwezi wa Desemba, tiketi nafuu ikawa inapitia Maskati, na Nkatha akafanya mpango wake kimya kimya. Akaomba wakae hapo siku mbili, akalipia safari ya kutwa ya watu wawili na mtembezaji wao: soko la Nizwa, ngome ya Nizwa, halafu korongo kubwa la mlimani. Kwenye picha aliona mabirika ya fedha na tende. Akamkalisha mumewe kwenye kochi.

"Peterson, nataka siku moja," akamwambia. "Moja tu, bila mbuzi. Usipige simu ya mbuzi, usionyeshe mtu picha ya mbuzi, usiniambie lolote la mbuzi."

"Kwani mimi naongeanga mbuzi sana?"

Nkatha alimwangalia tu.

"Sawa," akasema Peterson. "Bila mbuzi."

Siku yenyewe ilipofika, mtembezaji aliwafuata hotelini kabla ya jua, na gari refu la mlimani. Alivaa kanzu nyeupe na kofia ya nakshi, jina lake Khalfani, na kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwake kilikuwa Kiswahili cha Unguja, kwa maana mama yake alizaliwa huko. "Karibuni sana wageni wangu, mmelalaje? Piteni, piteni." Nkatha alifurahi kama amekutana na jamaa. Peterson, ambaye Kiswahili chake kina mashimo kama barabara ya kwao, alibaki akitafuta namna ya kusema ahsante bila kujiaibisha.

"Na mna bahati nyie," akasema Khalfani walipoingia barabara kuu. "Leo Ijumaa. Tukikaza mwendo twauwahi mnada."

"Mnada wa nini?" akauliza Nkatha.

"Wa mbuzi, bibi. Watu watoka hadi Ulaya kuja kuutazama."

Peterson aligeuza uso dirishani akaanza kuangalia milima kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwa mlima wowote. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nkatha alitaka kulia, akataka kucheka, akaamua kufungua biskuti. Amevuka bahari mbili kumkimbia mbuzi, na amelipa kwa kadi yake mwenyewe kupelekwa mlangoni kwake.

Alishuka sokoni amejiandaa kuchukia. Hakudumu. Kwanza ile harufu ilimpiga, harufu ya beberu na vumbi na majani makavu, akasimama. Halafu zile kelele. Palikuwa na uwanja wa mviringo chini ya paa, watu wamekaa katikati na wengine wameuzunguka, na kati yao njia ambayo madalali walikuwa wanakimbiza mbuzi, kila mmoja kamba mkononi, wakipaza bei, wakizunguka na kuzunguka. Anayemtaka mbuzi humvuta dalali kanzu. Dalali husimama, mbuzi hupapaswa, bei hupandishwa, na mnyama husonga mbele au hupata mmiliki mpya.

Kisha akawaona wanawake. Walikuwa kina mama watu wazima wenye barakoa nyeusi usoni, wamejipanga mbele kabisa. Mmoja wao alimkamata dalali mkono, akamfungua mbuzi mdomo, akamwingiza mkono chini ya tumbo, akabonyeza, akamsukuma mbuzi aende zake kwa dharau. Hakuna mwanamume aliyegeuka kumwangalia. Nkatha alisahau kufunga mdomo. Huku Maryland hajawahi kuona mwanamke akimshika mbuzi wa sherehe. Hakuna aliyekataza, sitaki kumsingizia mtu. Ni kwamba gari la kwenda shambani hujaa wanaume, na wanawake huambiwa wapitie dukani wachukue unga.

Peterson alikuwa ametimiza ahadi kama mwanajeshi. Mikono ameitia mifukoni, uso ameuelekeza ukutani, na huo ukuta hauna hata picha. Mbuzi wazuri walikuwa wanapita nyuma yake mmoja baada ya mwingine na jasho linamtoka. Nkatha alimwonea huruma kidogo.

Hapo akapita mbuzi jike wa rangi ya hudhurungi, sikio moja jeupe. Nkatha aliona mwendo wake, jinsi miguu ya nyuma ilivyokuwa inatanuka kidogo, na mkono ukaenda wenyewe. Akamshika dalali kanzu. Akachuchumaa na gauni lake la safari, akapitisha viganja viwili chini ya tumbo, mbele ya kiwele, akainua taratibu na kuachia, taratibu na kuachia. Akangoja. Kitu kidogo kigumu kikarudi kumgonga kiganja.

"Huyu ana mimba," akasema.

Khalfani alimtafsiria dalali. Dalali akashangaa, akasema alimpokea jana tu na hakuna aliyemwambia hivyo, yeye aona kanenepa. Na upande wa pili kulikuwa na mzee mmoja mwenye fimbo, keshampigia bei, amtaka kwa karamu ya mchana huohuo.

"Mwambie huyo mzee asimchinje," Nkatha akamwambia Khalfani. "Ana mimba huyu, nimemgusa mtoto."

Ndipo Peterson alipogeuka kutoka ukutani. Saa zote hizo ametulia, hajatamka mbuzi, na neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nkatha, wacha. Hizo ni nyasi tu. Mbuzi akila nyasi mbichi tumbo linakuwa hivyo. Mimi najua."

Mikono bado iko mifukoni, nakuambia. Hajamgusa, hajainama, hata kumwangalia sawasawa hajamwangalia. Miaka yote ya unga ilimjia Nkatha pale pale, na wala hakupaza sauti.

"Bwana Khalfani," akasema, "hapa mtu akitaka kununua anafanyaje?"

"Unataja bei, bibi. Mimi nitakusemea."

"Nisemee."

Yule mzee wa fimbo alipandisha. Nkatha akapandisha. Dalali alikuwa anageuza shingo huku na huku, na watu wakaanza kusogea, kwa sababu mgeni wa kupiga picha wamemzoea ila mgeni wa kupiga bei ni habari nyingine. Kina mama wa barakoa walitaka kujua kuna nini. Khalfani akawaambia. Mmoja akaja akampapasa mbuzi, akaenda kusimama nyuma ya Nkatha, na wenzake wakamfuata. Mzee akawaangalia wale wanawake waliojipanga. Akapandisha mara moja tena, kwa heshima yake. Nkatha akapandisha. Mzee akacheka, akainua fimbo juu, akasema jambo ambalo Khalfani alilitafsiri kuwa Mungu ambariki mama huyu, yeye atakula kuku.

Kamba ikawekwa mkononi mwa Nkatha. Alicheka mpaka machozi, akampiga Khalfani begani, akawapa mikono wale kina mama wote, wengine mara mbili.

"Sasa," akauliza Peterson, "tutampeleka wapi?"

"Wewe usiulize. Leo hatuongei mbuzi."

Bahati yao gari lilikuwa la Khalfani mwenyewe, na lishabeba makubwa kuliko hayo. Mbuzi alifungwa kivulini karibu na mlinzi, wao wakaingia ngomeni. Nkatha alikuwa na nguvu za msichana. Alipanda ngazi za ule mnara mkubwa wa mviringo mbele ya wote, Peterson nyuma anahema. Khalfani aliwaonyesha chumba ambamo magunia ya tende yalirundikwa mpaka asali yake ikachuruzika kwenye mifereji, na matundu juu ya milango ambamo walinzi wa zamani waliimwaga hiyo asali ikichemka, imwangukie adui kichwani. Nkatha alichungulia tundu moja kwa muda mrefu.

"Hili," akasema, "lingenifaa jikoni. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe akiingia tu kuuliza kama chapati ziko tayari."

Peterson alicheka, halafu akaacha kucheka. Alimwangalia mkewe kwa pembeni, kama mtu anayesikia mlio mpya katika gari alilolizoea. Juu kabisa waliona mji wote, mitende kila upande na milima inauzunguka, na Nkatha akaangalia chini kwanza kama mbuzi wake bado yuko kivulini.

Kutoka hapo wakaanza kupanda mlima. Barabara iliacha lami, ikawa mawe, na Peterson alikaa nyuma amemkumbatia mbuzi asianguke kwenye kona. Hiyo picha ninayo, ukitaka nitakutumia. Khalfani alisema huko juu ukingoni mwa korongo yuko bibi mmoja, jamaa ya mke wake, anafuma mazulia ya manyoya na kufuga mbuzi. Akipenda Nkatha, mbuzi wake anaweza kubaki huko azae salama. Nkatha alipenda. Ila kadiri walivyozidi kupanda ndivyo furaha ilivyochanganyika na woga. Bibi huyo amelala na kuamka na mbuzi maisha yake yote. Je, akimpapasa na kusema ni nyasi? Laurel itacheka mpaka Pasaka, na Hyattsville watasikia, lakini hilo Nkatha angelistahimili. Asilolistahimili ni Peterson kumhurumia. Angemshika bega, angesema si kitu mama, hata mimi hukosea, na mlango ungefungwa hapo. Angerudi kwenye unga wake kabisa.

Walifika. Nkatha aliteremka, akaenda hatua chache, na ardhi ikaisha. Mlima ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, kuta zimesimama wima, na huko chini kabisa mto uliokauka ulionekana mwembamba kama uzi uliodondoka sakafuni. Upepo ulimpiga gauni. Alijisikia anapiga kelele bila kukusudia, sauti ikaenda ikarudi, naye akaangua kicheko na kumvuta Peterson mkono aje aone. Peterson alikuja. Lakini hakuangalia korongo sana. Alikuwa anatazama nyuma, kwa yule bibi aliyekwisha kutoka kibandani kwake na kumsogelea mbuzi.

Bibi alikuwa mdogo, mkavu, miguu pekupeku juu ya mawe yale. Alichuchumaa, akapitisha viganja viwili chini ya tumbo, mbele ya kiwele, akainua taratibu na kuachia. Vilevile alivyofanya Nkatha. Nkatha alishika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili akangoja. Bibi akahamisha kiganja upande wa pili. Akangoja naye. Kisha akainua vidole viwili, akasema neno fupi.

"Asema anao," akatafsiri Khalfani. "Pacha."

Nkatha mwenyewe alikuwa amemgusa mmoja tu. Alikaa chini pale pale, kwenye jiwe, anacheka na kujifuta macho kwa kitambaa. Bibi akamcheka pia, akamgusa shavu.

Peterson akaitoa mikono mifukoni, akapiga magoti kwenye mawe kando ya mbuzi.

"Nionyeshe," akasema.

Nkatha aliushika mkono wake, ule mkubwa wenye alama za moto, akauweka chini ya tumbo. "Usifinye. Unamwinua kidogo, unaachia. Sasa tulia." Walikaa hivyo, vichwa viwili karibu, mkono wa mke juu ya mkono wa mume. Mbuzi alikuwa anatafuna tu. Ghafla Peterson akafungua macho sana, akamwangalia mkewe.

"Amenipiga," akasema. "Nkatha, amenipiga."

"Nimekuambia."

"Ulijifunza wapi?"

"Nimelelewa nao, Peterson. Kwetu kuna nini kingine? Mbuzi wa watu wakikwama kuzaa, aliyekuwa anaitwa ni mama yangu, na mimi nilikuwa nambebea maji."

"Na mbona hujawahi kusema?"

"Ungenisikia wapi? Wewe uko nje kwa moto, mimi niko ndani na chapati."

Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja alipoacha funguo. Peterson alikaa chini kwenye mawe mbele ya mbuzi, akavua kofia, akaangalia mikono yake, na Nkatha aliona kwamba neno limeingia mahali pake. Baadaye Peterson alimsaidia bibi kufungua kamba, na mbuzi wa sikio jeupe akaenda kujiunga na wenzake kwenye miiba ya ukingoni bila kugeuka nyuma.

Walikula wali na samaki aliofungasha Khalfani, wakatembea kando ya korongo mpaka masikio yakapata baridi. Kwenye gari Peterson hakurudi nyuma wala hakukaa mbele na Khalfani. Alimfuata mkewe kiti cha katikati, akakaa upande wa paja la kupigwa, na yeye anajua.

"Haya," akasema gari lilipoanza kuteremka. "Mama yako. Wakikwama, alikuwa anafanya nini kwanza?"

Nkatha alimwambia. Akamwambia kuhusu mafuta, na namna ya kumgeuza mtoto anayekuja na mgongo. Akamwambia juu ya siku mama yake alipokuwa na homa, na mbuzi wa jirani amekwama kando ya mto Kathita, na yeye akatumwa peke yake, msichana wa darasa la nne. Peterson aliuliza alifanyaje. Aliuliza tena, alishika wapi, nani alimshikia miguu, na alipouliza alikuwa anamwangalia usoni, hajageuka dirishani hata mara moja. Jua lilikuwa linaigusa milima, mlima mzima umekuwa rangi ya chungu kipya.

"Wageni wangu," akasema Khalfani kutoka mbele, "hapo chini pana mji wa kale wa udongo, mzuri ajabu saa hizi. Wote huomba tusimame. Nisimame?"

"Ngoja kwanza, Bwana Khalfani," akasema Nkatha. "Endesha polepole tu. Bado sijamtoa mtoto."